Namba ya Asali

Miaka yote niliyopanga kwake, mwenye nyumba wetu aliuza asali kwa madebe na sikuwahi kumwona akimeza hata kijiko kimoja. Aliionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho kidogo, kisha akatema pembeni ya ngazi. Wateja wageni walishtuka. Yeye hakujieleza. Alitaja tu mti ambao nyuki walifyonza maua yake, "Hii ya mtundu. Hii ya myombo. Hii imechujwa na mtu mchafu," akaziba debe akaenda kwenye debe lingine.

Alikuwa na kisukari. Mpanda ya miaka ile ya tisini, wakati bado tuko wilaya ya mkoa wa Rukwa, hakuwa peke yake mwenye ugonjwa huo, ila kwa kadiri ninavyojua alikuwa peke yake mwenye mashine ya kuupimia nyumbani. Mambo mengi ninayomkumbukia yanaishia kwenye mashine hiyo. Nimejaribu kumkumbuka bila hiyo, sijaweza.

Nilifika mjini pale nikiwa mwalimu mpya wa darasa la tatu, sina ndugu. Nyumba yake ilikuwa karibu na stesheni, vyumba vimezunguka uwanja, na chumba cha mbele kilikuwa stoo ya asali. Nilipanga chumba cha kona. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa fundi wa reli na mke wake. Kati yetu wapangaji tulimwita mwenye nyumba; mbele yake tulimwita Baba. Mke wake tulimwita Mama. Mwenye nyumba aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza, na sidhani kama aliwahi kulijua jina langu.

Bomba la uani alilifunga kwa kufuli. Alilifungua asubuhi na jioni, akasimama kando kama askari huku tunajaza ndoo, na ukimwaga tone anakutazama. Lakini mtoto yeyote wa mtaani akipita mbele ya stoo aliitwa, akapewa asali kwenye jani, na akirudi na wenzake wote walipewa. Kwake maji yalikuwa mali na asali ilikuwa kitu cha kugawa. Mke wa fundi alimuuliza siku moja mbona iko hivyo. Akasema, "Maji nyie mnayamwaga. Asali hakuna mtu anayemwaga."

Aliwaogopa nyuki. Hili watu hawakuliamini. Wazee wake walikuwa Wakonongo wa porini, watu wa kukwea miti na kutundika mizinga, na yeye mwenyewe hakuwahi kukwea mti hata mmoja. Asali aliletewa na watu wa baiskeli kutoka misituni, imo kwenye madumu na nta yake. Nyuki mmoja akifuata dumu mpaka barazani, mwenye nyumba aliingia ndani akafunga mlango, na Mama ndiye aliyetoka na kitambaa kumfukuza. Nyuki akishaondoka, mzee alitoka akaendelea na bei pale alipoachia, uso mkavu kabisa, na mteja naye akajifanya hakuona.

Neno lake lilikuwa "Mimi najijua." Ukimwambia avae kofia, jua kali, "Mimi najijua." Mama akimwambia ugali umezidi, "Mimi najijua. Mwili wangu ukizidiwa unaniambia." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja jina la kijiji alikozaliwa.

Insulini yake ilikaa kwenye chungu kidogo chenye mchanga wenye maji, chini ya kitanda, kwa sababu friji hatukuwa nayo. Asubuhi alijidunga pajani mlango ukiwa wazi, huku anazungumza na anayepita. Mwanzoni niligeuza uso. Baadaye nilizoea, nikawa namsalimia pale pale sindano imo.

Mashine aliletewa na binti yake, muuguzi Dar es Salaam, aliyekuja kwa treni sikukuu ya Krismasi. Ilikuwa ndogo kama pakiti ya sigara. Ilikuwa na vijiti vyembamba vya plastiki. Unatoboa kidole, unatonesha damu kwenye kijiti, unasubiri, namba inatokea. Binti alitukusanya barazani, wapangaji wote, ili hata baba yake akisahau awepo wa kumkumbusha.

"Kwanza ananawa mikono kwa sabuni," alisema. "Anakausha. Halafu anatoboa pembeni ya kidole, siyo katikati."

Tuliitikia. Tulidhani la kunawa ni adabu tu, kama kunawa kabla ya kula. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na yeye hakueleza, maana vitu vya kueleza vilikuwa vingi na treni yake iliondoka kesho yake. Tulichokishika zaidi ni namba. Chini ya kumi siyo mbaya kwa umri wake. Chini ya nne ni hatari, apewe kitu kitamu upesi. Na mashine ikitoa herufi mbili za Kizungu badala ya namba, maana yake sukari imekuwa nyingi mpaka haiwezi kuisoma.

Mzee aliipenda mashine ile kuliko nilivyomwona akipenda kitu kingine. Aliipeleka hospitalini siku ya kliniki, akaomba apimwe na yao, halafu akajipima na yake pale pale mezani. Yao ikatoa nane na kitu, yake tisa na kitu. Akamgeukia tabibu.

"Sasa ipi inasema kweli?"

"Zote, mzee. Haziwezi kulingana kabisa. Zikikaribiana inatosha."

Alirudi nyumbani amenuna. Alinisimulia akiwa amesimama mlangoni kwangu. "Mwalimu, debe ni debe. Mtu hawezi kuniletea debe linalokaribiana." Nilimwambia labda damu siyo kama asali. Alifikiri, akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini hakuacha kupima. Vijiti vilikuwa vya kuhesabu, vilitoka Dar vikipata mtu wa kuvileta, na bado alivitumia mbele ya wageni kuonyesha.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya msimu wa asali. Shule ilikuwa imefungwa, nilikuwa nafua uani. Mzee na Mama walikuwa wanachuja tangu asubuhi, asali inapita kwenye kitambaa kuingia kwenye madebe, mikono yao imelowa mpaka viwikoni. Kabla ya chakula cha mchana aliona mwili hauko sawa, nadhani ni uchovu tu. Akajifuta mikono kwa tambara, akaketi barazani, akatoboa kidole.

Zikatoka herufi mbili za Kizungu.

Akaniita nikazisome. Nikazisoma, nikamwambia ndizo zile alizosema binti. Akatoboa kidole kingine cha mkono ule ule. Ishirini na saba. Kisha akasema, "Nimekwisha," kwa sauti ya kawaida, akaingia ndani. Alivuta insulini mara mbili ya ile ya kila siku, akajidunga. Mama alipoleta ugali alikataa. Alisema mtu mwenye sukari ya namna ile hali chakula.

Akarudi stoo kuendelea na kazi.

Alasiri alikuja mteja, Msukuma mmoja mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake upande wa Kabungu. Alikuwa ananunua pale kila mwaka, na mzee alimwita shemeji. Siku hiyo nilisikia mzee anapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele.

"Umeniibia! Umebadilisha debe!"

"Shemeji, mimi ndiyo naingia sasa hivi."

"Mwizi wewe! Toka!"

Nilipofika, shati lake lilikuwa limelowa jasho kama aliyemwagiwa maji. Alimtazama yule mfugaji, akanitazama mimi, nikaona hanijui. Kisha akaanguka kati ya madebe. Mfugaji ndiye aliyemdaka kichwa kisigonge sakafu.

Tulimlaza barazani. Mama hakupiga yowe. Alileta beseni na sabuni, akaanza kumwosha, maana alikuwa amejikojolea na mwili wote unanata. Alimwosha miguu, mikono, kidole kimoja kimoja, akamkausha kwa khanga. Fundi wa reli alikuwa ametoka kazini. Akachukua mashine, akatoboa kidole kile kilichooshwa. Tukangoja.

Moja nukta tisa.

"Haiwezekani," nilisema. "Mchana ilikuwa ishirini na saba."

"Ndivyo inavyosema," fundi akajibu, akanigeuzia kioo nione mwenyewe.

Mama hakubishana na yeyote kati yetu. Alichovya kidole kwenye debe lililokuwa karibu, akakipitisha kwenye ufizi wa mume wake, ndani ya shavu, kidogo kidogo, akachovya tena. Yule mfugaji alikuwa bado amemshikilia kichwa. Alifanya hivyo mpaka mzee akaanza kulamba mwenyewe. Akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Hii ya mtundu."

Mke wa fundi alicheka, halafu akalia. Mimi nilirudi kuanika nguo. Nakumbuka nilizianika vizuri, shati kwa shati, na nilikuwa sisikii kitu chochote.

Tabibu wa kliniki ndiye aliyetueleza. Alimwuliza mzee alikuwa anafanya nini kabla ya kupima. Akamwambia anachuja asali. Tabibu akaagiza kijiko cha asali, akagusa kidogo kwa kidole chake mwenyewe, akajifuta kwa pamba, akajitoboa, akapima. Namba ikaja ya mtu wa kulazwa. Akaenda bombani akanawa kwa sabuni, akapima kidole kile kile. Tano na kitu.

"Unaona, mzee? Mashine haina kosa. Inasoma kilichopo kidoleni. Ulipima asali."

Mwenye nyumba alicheka sana. Alicheka njia nzima ya kurudi, akawasimulia watu wa sokoni. Alimtafuta yule mfugaji, akampelekea debe zima bila malipo na kumwomba radhi. Nilidhani mambo yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu somo lile alilishika upande mmoja. Wiki za kwanza alinawa kama daktari wa upasuaji. Baadaye, namba ikitoka kubwa, alisema, "Asali hiyo." Alinawa tena, akapima tena, na kama bado ni kubwa alisema haijatoka yote, asali inaingia kwenye ngozi, yeye ameishika tangu utoto. Ikitoka ndogo aliifurahia na kuiamini, hata kama hakunawa kabisa. Siku moja nilimwuliza, kwa upole tu, anajuaje ipi ya kweli. Akanijibu bila kufikiri, "Namba nzuri ni ya damu, mwalimu. Namba mbaya ni ya asali."

Na ninaweza kuielewa hofu yake. Namba kubwa ilikuwa imemwangusha. Hakuwa tayari kujidunga tena kwa kuifuata. Insulini ikapungua, kwanza kidogo, halafu siku nyingine akairuka kabisa, kwa kuwa mwili haujamwambia kitu. Alikunywa maji mengi. Alisema ni joto. Alifungua lile kufuli la bomba mchana kwa ajili yake mwenyewe, nasi tukapata nafasi ya kujaza ndoo.

Binti alirudi likizo nyingine, akamkuta amekonda. Aligombana naye barazani, sisi tukiwa kila mtu mlangoni kwake tunajifanya tunapepeta mchele. Alileta beseni, akamkalisha, akamnawisha yeye mwenyewe kama unavyomnawisha mtoto. Alisugua kucha. Alisuuza mara mbili. Akakausha kwa taulo jipya alilotoa kwenye begi lake, akapima.

"Kumi na tisa, baba. Haya, asali iko wapi?"

Mzee alitazama mikono yake. "Bomba letu lina kutu," alisema. "Labda inasoma kutu."

"Baba!"

"Mimi najijua, mwanangu."

"Hujijui! Ungekuwa unajijua ungeanguka siku ile?"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mzee na beseni la maji machafu. Nilimwona anatazama juu ya kichwa cha mume wake, kule reli inakopita, akangoja wamalize, kisha akaenda kumwaga maji. Sikuwahi kumsikia akitoa maoni yake kuhusu mashine. Ila tangu siku ile aliyomrudisha kwa kidole chake, hakulala tena kabla ya mume wake kulala.

Binti alirudi kazini. Aliacha vijiti vingi, na vile vya zamani vilivyopita muda wake aliagiza vitupwe. Mzee hakuvitupa. Aligundua kwamba vya zamani, vilivyokaa joto la stoo, vilitoa namba ndogo kuliko vipya. Akawa anatumia hivyo.

Macho yalipoanza kufifia nilikuwa namsomea mimi, nikirudi shuleni. Alikaa na mashine mapajani akinisubiri. "Inasemaje, mwalimu?" Nilimsomea kama ilivyoandikwa. Nikisema saba aliitikia "Enhe!" kwa furaha. Nikisema kumi na nane alisema "Asali," akaizima. Sikubishana naye. Asali alikuwa haishiki tena siku nyingi, Mama ndiye aliyechuja na kuonja, na yeye aliketi pembeni akiuliza, "Hiyo ya mti gani?" Mama akimwambia, alitikisa kichwa kana kwamba angesema hivyo hivyo.

Alifariki mwaka niliokuwa Mwese. Nilikuwa nimehamishiwa huko milimani, shule ya kijiji, mahali ambapo habari zilifika na lori au na mtu wa miguu. Dereva wa lori ndiye aliyeniambia, akiwa anashusha mabati: yule mzee wa asali wa karibu na stesheni, figo zilichoka, wamemzika wiki iliyopita. Nilimshukuru. Nikaingia darasani, tulikuwa kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, nikamaliza kipindi. Jioni niliwaza kwamba sasa ningelia. Nilingoja. Nikapika, nikala.

Kwa hiyo mara ya mwisho kumwona ilikuwa kabla ya hapo, kiangazi, nilipoteremka mjini kufuata chaki na vitabu vya shule. Nilipita kumsalimia. Mama alikuwa shambani Kasokola, kwa kaka yake. Stoo ilikuwa imefungwa. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake, suruali ya kaki, kandambili miguuni, amejaa kidogo usoni. Aliijua sauti yangu kabla sijamaliza kubisha hodi.

"Mwalimu! Vuta kiti. Vuta karibu, nikuone."

Nikavuta kiti cha mbao, kile kizito cha kulia chakula, nikakisogeza mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikaketi. Alinitazama kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, ananitafuta kwenye ile sehemu ya jicho iliyokuwa bado inaona.

"Umenenepa," akasema. "Mwese kuna chakula."

"Maharage tu, Baba. Na baridi."

"Baridi ni nzuri. Huku tunaungua." Akacheka. "Mimi siku hizi ni mzima. Nimeacha hata kupima. Vijiti vimeisha, na sivitafuti. Zamani miguu ilikuwa inawaka moto usiku kucha, silali. Sasa imetulia kabisa. Sisikii kitu. Mtu akiwa mgonjwa si anasikia?"

Nilimwambia nimefurahi kusikia hivyo. Aliniuliza habari za shule, nikamweleza watoto wanaotoka mbali kwa miguu. Aliniuliza asali ya huko milimani ina rangi gani. Aliniuliza safari. Nikaanza kumsimulia jinsi lori letu lilivyokwama kwenye daraja la miti, abiria wote tukashuka, mama mmoja na kuku wake akakataa kushuka. Alikuwa anacheka, mkono umeshika goti langu. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kivuli cha paa kilikuwa kimetufikia miguuni ndipo nilipoinama kutafuta mkoba wangu.

Mguu wa mbele wa kiti changu ulikuwa juu ya mguu wake. Ulikuwa umekanyaga vidole viwili, na mimi juu yake na uzito wangu wote. Ukucha mmoja ulikuwa umepasuka. Damu ilikuwa imeshuka kwenye kandambili, na pembeni ilikuwa imeanza kukauka.

Nilisimama. Nikakiinua kiti.

"Baba. Mguu wako. Nilikuwa nimeukanyaga na kiti."

Aliinamisha kichwa, akatazama chini, akatazama muda kidogo, kama mtu anayetazama kitu kilichoachwa barazani kwake na mpita njia. Hakukunja uso. Kisha akainama, akaushika mguu kwa mikono miwili chini ya goti, akauinua na kuusogeza nyuma, chini ya kiti chake.

"Ah," akasema. Akajifuta viganja kwenye suruali, akanyanyua uso kunitafuta nilikosimama. "Enhe? Lori likakwama, huyo mama na kuku wake?"

Nikakisogeza kiti mbali, nikakaa tena, nikamwambia jinsi lilivyokwamuliwa.